Kamusi ya sheria kwenye simu, nimeipima kwa neno moja tu: mdai

Mi kamusi siipimi kwa wingi wa maneno, naipima kwa lile neno nililolihitaji siku ile, nikilielewa nabaki nayo nisipolielewa naifuta. Hii programu ya kamusi ya sheria nimekaa nayo miezi mitano sasa na neno lililonipeleka kwake ni mdai. Najua mtu atasema mdai si anajulikana, ni yule anayedai hela yake, na hata mi nilikua najua hivohivo mpaka siku niliposhika mkataba wenye jina langu.

Ilikua hivi. Nilimpa fundi kazi ya kabati la nguo la ukutani, tukaandikiana mkataba wa kurasa mbili, nusu ya hela nikatoa pale pale nusu nyingine akimaliza. Sasa usiku nakaa kuusoma vizuri nakutana na mstari unasema mdai anaweza kukataa kupokea kazi isiyolingana na mchoro. Nikasoma mara tatu. Maana kwa akili yangu anayedai hapa ni fundi, si yeye ndo bado ana nusu yake kwangu? Sasa fundi atakataaje kupokea kabati alilolitengeneza mwenyewe? Nikauliza watu wawili, mmoja akasema ni makosa ya uchapaji, mwingine akasema sheria ndo zilivyo we saini tu. Ndo nikaingia kwenye kamusi.

Jibu la kwanza linalotokea ukiandika mdai ni mstari mmoja: mtu aliyemkopesha mwingine fedha. Basi. Nilitaka kuifuta palepale kwa sababu mi sijamkopesha fundi na fundi hajanikopesha mi, kwahiyo kwa maana hiyo kwenye mkataba wetu hakuna mdai kabisa na ule mstari unaongelea mtu ambaye hayupo. Bahati nzuri kuna kitufe kidogo cha "zaidi" chini kabisa, nikakibonyeza, na huko ndani ndo kuna maelezo yaliyonifanya nibaki: mdai ni mtu ambaye kwake mwingine ana wajibu wa kutoa kitu, kutenda jambo, au kujizuia kutenda jambo. Umeona tofauti? Hela haijatajwa hata mara moja. Sasa kwanini maana sahihi wameificha ndani na ile pungufu wameiweka mlangoni, hilo ndo lalamiko langu kubwa kuhusu hii programu na nitalirudia.

Kwa maana hiyo ya pili ule mstari ukafunguka wenyewe. Fundi ana wajibu wa kutengeneza kabati kama mchoro ulivyo, na wajibu huo ni kwangu, kwahiyo upande wa kabati mdai ni mimi. Upande wa hela iliyobaki mi ndo nina wajibu na wajibu ni kwake, huko mdai ni yeye. Mkataba mmoja, kamba mbili, kila mtu ameshika ncha ya moja na amefungwa na nyingine. Kuna mchoro mdogo wa mishale miwili humo unaonesha hivi hivi, mshale mmoja unaenda kulia mwingine unarudi, na kwa kweli aliyeuchora anastahili pongezi maana nimeuonesha watu wengi na kila aliyeuangalia ameelewa bila mi kuongeza neno. Usiulize kwenye mkataba huu nani mdai, uliza kwenye wajibu huu nani mdai. Ukikosea hapo unakosea kila kitu kinachofuata.

Nimesema kamba na sijalitoa hewani. Kuna sehemu ya historia ya neno ambayo ndo bora kuliko zote humo ndani, na nadhani wengi hawaifungui. Wanaeleza kwamba Warumi waliita wajibu wa kisheria kwa neno linalotokana na kufunga kamba, na kwenye kitabu cha mafunzo ya sheria kilichotolewa na mfalme Justinian mwaka 533 wajibu unaelezwa kama kifungo cha sheria kinachotubana tutimize kitu fulani. Na zamani zaidi haikua lugha ya picha, mtu aliyeshindwa kulipa aliweza kufungwa mwili kabisa akawa mtumwa wa deni, mpaka Warumi wenyewe wakaja kuupiga marufuku utaratibu huo karne ya 4 kabla ya Kristo. Ukishalijua hilo hulisahau neno mdai, ni yule aliyeshika ncha ya kamba. Hajafungwa, ameshika. Anaweza kuvuta, anaweza kulegeza, anaweza kuachia kabisa na kusamehe.

Wajerumani nao kwenye kitabu chao cha sheria za kiraia kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900 wameliweka wazi kwenye kifungu cha 241 kwamba mdai ana haki ya kutaka kutimiziwa jambo na mdaiwa, na jambo hilo linaweza kua hata kutofanya kitu. Hiyo ya kutofanya ndo watu wengi hawaijui. Mfano umenunua saluni ya mtu, na kwenye mkataba kaahidi hatafungua saluni nyingine mtaa huohuo kwa miaka miwili, basi kwa miaka miwili yote we ni mdai wake. Hakuna senti anayokupa, hakuna mzigo anaoleta, anachokupa ni kukaa kwake kimya tu, na siku akifungua una haki ya kwenda kudai. Kamusi ina mfano unaokaribiana na huo lakini wameuweka mwisho baada ya mifano sita ya benki mfululizo. Sita! Mkopo wa nyumba, mkopo wa gari, mkopo wa biashara, ni mfano mmoja umebadilishwa nguo. Wangeacha mmoja wa benki, wakaweka mzazi anayestahili matunzo ya mtoto, wakaweka mwenye tiketi anayestahili kusafirishwa, wakaweka mteja anayesubiri kabati.

Hilo la mzazi nalitaja makusudi. Kwenye sheria za Marekani za matunzo ya mtoto pale mzazi mmoja anapoishi jimbo hili na mwingine jimbo lile, neno lao la Kiingereza lenye maana hiihii ya mdai ndo linatumika kumtaja yule anayestahili kupokea matunzo, na kuna wakati anakua si mzazi, ni ofisi ya serikali iliyohamishiwa haki hiyo. Mama anayepokea matunzo hajamkopesha baba chochote. Ukimwambia mdai ni mkopeshaji atafunga kitabu akidhani hakimhusu.

Sasa nije kwenye lugha yetu maana hapa ndo nina uchungu. Kamusi hii imeandikwa Kiswahili lakini haina neno mwia. Nimelitafuta kwa kila namna halipo. Mwia ni neno letu la zamani kabisa la mtu mwenye haki yake kwa mwenzake, linatokana na kuwia, ukisema namwia maana yake ana kitu changu kwake, na aliye upande wa pili anawiwa. Bado tunalisikia kwenye ibada na kwa wazee, sema vijana tunalipita tu. Na tofauti yake na mdai si ya mapambo. Mdai ameitwa kwa kitendo cha mdomo, kudai, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu madai na shauri, wakati deni ni neno jingine kabisa la Kiarabu lenye asili yake tofauti, yani deni na dai yanafanana kwa sikio tu, mzizi si mmoja. Kwahiyo ukimwita mtu mdai ni kama unasema amesimama mlangoni anagonga. Mwia hagongi. Mwia ana haki yake hata kama amelala, hata kama hajui, hata kama ni mtoto mchanga ambaye hajajifunza kuongea lakini matunzo yanamstahili. Sheria inapomtaja mtu huyu inamaanisha mwenye haki awe amedai au hajadai, na neno lililobeba maana hiyo sawasawa tunalo, limekaa tu. Sisemi mdai lifutwe, limeshazoeleka na lipo kwenye mikataba na mahakamani, nasema wangeweka mwia pembeni yake na mstari mmoja wa maelezo, wangemsaidia msomaji kuliko ile mifano sita ya benki.

Ona na wenzetu walivyoliunda. Lile neno la Kilatini lililozaa kreditori, yani mdai kwa Kiingereza, linatokana na kuamini, na neno la Kijerumani la mdai nalo limejengwa kwenye kuamini. Wao wamemwita kwa imani yake, kwamba amemwamini mwenzake akakubali kusubiri. Sisi tunae aitwaye kwa kudai na tunae aitwaye kwa kumwia mwenzake. Mambo kama haya mi ndo nafungulia kamusi, na sehemu yao ya historia inayatoa kwa Kilatini na Kijerumani vizuri sana alafu ikifika Kiswahili inakata.

Alafu kuna mkanganyiko wa mahakamani ambao hawajaugusa kabisa. Kwenye kesi za madai mdai ni jina la aliyefungua kesi na mdaiwa ni aliyeshtakiwa. Ni neno lilelile lakini kazi nyingine. Mtu anaweza kufungua kesi akaitwa mdai kwenye kila karatasi, alafu mwisho hakimu akasema hakua na haki yoyote, yani alikua mdai wa kesi bila kua mdai wa wajibu. Na kinyume chake, mtu mwenye haki halali anaweza asifungue kesi maisha yake yote. Kamusi inaweka mdai mara moja tu bila namba ya maana ya kwanza na ya pili, na kwa mtu anayesoma hati ya kesi akiwa na wasiwasi tayari, hilo si jambo dogo.

Sehemu ya Kiingereza wamekosea, na kosa lenyewe ni rahisi kulielewa ndo maana nataka nilieleze. Kiingereza cha mikataba kina obligori na obligii. Ukiangalia umbo la obligii unafikiri ni mtu anayetendewa, kama sisi tunavyoweka -wa mwishoni, mwajiri na mwajiriwa, kwahiyo unajiambia obligii atakua mdaiwa. Ndivyo kamusi ilivyoandika kwenye orodha ya maneno ya lugha mbili, wakati kwenye ukurasa wake mkuu imeandika sahihi kwamba obligii ni mdai! Kurasa mbili za programu moja zinapingana. Ukweli ni kwamba obligori ndo aliyejifunga, obligii ndo yule ambaye mwenzake amejifunga kwake. Njia nyepesi ya kutokosea ni kutumia kuahidi badala ya kudai: mwahidi ametoa ahadi, mwahidiwa amepewa, na hapo obligii ni mwahidiwa. Kwenye kuahidi hiyo -wa inakaa kwa mwenye haki, kwenye kudai inakaa kwa mwenye mzigo. Ni watu walewale wawili, kitenzi ndo kimegeuka. Nilikaa na hilo jioni nzima na karatasi mpaka likatulia, sasa hivi nikiona obligii najiuliza tu, nani ameahidiwa?

Tuje kwenye dhamana maana huko neno obligii ndo linaonekana zaidi na watu wanaumia. Kwenye dhamana ya utekelezaji wa kazi kuna watu watatu: mkandarasi anayefanya kazi, mdhamini ambaye mara nyingi ni kampuni ya bima au benki, na mwenye mradi ambaye ndo mdai. Mkandarasi ndo analipia dhamana, kwahiyo anadhani ameinunua imlinde yeye kama bima ya gari. Hapana. Inamlinda mdai. Mkandarasi akishindwa kumaliza, mdhamini anamlipa au anamkamilishia mwenye mradi, alafu mdhamini anamgeukia mkandarasi amrudishie. Marekani tangu 1935 kuna sheria inayotaka wakandarasi wa miradi ya serikali kuu waweke dhamana mbili, ya kazi ambayo mdai wake ni serikali, na ya malipo ambayo ipo kwa ajili ya wauza vifaa na wakandarasi wadogo wasije kuachwa bila kulipwa. Ukurasa wa mdhamini kwenye kamusi ni mzuri mno, pembetatu ya watu watatu, mishale, rangi tofauti, na ukibonyeza mdai kwenye pembetatu unarudishwa kwenye ukurasa wa mdai. Kule sasa unapokelewa na "mtu aliyemkopesha mwingine fedha". Mwenye mradi kamkopesha nani? Unaona kwanini nimelirudia.

Kilichokosekana kabisa ni wajibu wa mdai mwenyewe, maana kushika kamba si kukaa tu. Fundi akileta kabati siku mliyokubaliana saa mliyokubaliana na we haupo, au upo unakataa kufungua mlango bila sababu, wewe ndo umechelewesha. Sheria ya Ujerumani ina vifungu vyake kabisa vya mdai anayechelewa kupokea, kuanzia 293 mpaka 304, na humo mdaiwa anapunguziwa uzito wa kuwajibika kitu kikiharibika wakati unamzungusha, na gharama za ziada za kukitunza anaweza kukudai. Yani unaanza siku ukiwa mdai unamaliza ukiwa mdaiwa wa gharama za stoo. Ningelijua hili mapema ningejipanga siku ile ya kupokea badala ya kumwambia fundi aje tu muda wowote.

Kuhamisha haki wamegusia kwa sentensi moja, ingefaa ziwe kumi. Kwa kawaida mdai anaweza kumpa mtu mwingine haki yake bila kumuomba ruhusa mdaiwa, inatosha ajulishwe asije akamlipa mtu asiye tena mwenye haki, ila mdaiwa hawezi kumpachika mtu mwingine mzigo wake bila mdai kukubali. Inaonekana upendeleo lakini fikiria, kwa mdaiwa kulipa ni kulipa tu awe anampa Asha au Juma, wakati kwa mdai ni tofauti kubwa kama kabati linatengenezwa na fundi uliyemchagua au na mtu wa barabarani. Na muda nao, haki haikai milele, Uingereza deni la mkataba wa kawaida lina miaka 6 ya kwenda mahakamani kwa sheria ya 1980, Ujerumani muda wa kawaida ni miaka 3. Ujerumani ukipita na mdaiwa akalipa mwenyewe kwa hiari hawezi kurudi kusema nirudishie. Haki ipo, nguvu ya kuivuta ndo imekwisha. Kamusi imeandika "haki hupotea" na mi nadhani hilo neno hupotea ni zito kupita inavyostahili.

Mambo mengine kwa haraka. Inafanya kazi bila intaneti, safi. Ukikosea herufi inakuelewa, niliandika mdayi ikaniletea mdai. Maandishi ni madogo na hakuna setingi ya kuyakuza, kwa wazazi wetu hiyo ni shida. Sauti ya kusoma maneno sijaitumia sana.

Nimeipa nyota tatu kati ya tano. Nne ningeitoa kwa ajili ya sehemu ya historia, ile michoro na ukurasa wa mdhamini, ila siwezi kuipa nne kamusi ambayo mtu mwenye haraka, aliyeshika kalamu ya kusaini, atasoma mstari wa kwanza tu na kuondoka na maana pungufu. Kama we ni mwanafunzi wa sheria utaifaidi maana utabonyeza kila kitufe. Kama umeletewa mkataba na unataka kujua neno moja, bonyeza zaidi, usisome mstari wa juu, na ile orodha ya lugha mbili iache kabisa mpaka wairekebishe.

Nimewaandikia kuhusu obligii, kuhusu mstari wa kwanza na kuhusu mwia, kila kimoja na maelezo yake. Wamenijibu kwa heshima kwamba la obligii wameliona na litaingia kwenye apdeti ijayo. La mwia wamesema watalijadili, nami nimewatumia mifano minne ya sentensi wasije wakakosa pa kuanzia. Kabati lilikuja na milango mifupi kuliko mchoro, nikamwonesha fundi ule mstari, akausoma akasema kweli, akairudisha milango na wiki iliyofuata akaleta mingine inayofunga vizuri, nami palepale nikamlipa nusu yake iliyobaki.